Starta Ikiwa Kimya, Usikubali Kitasa cha Ufunguo King'olewe

Pikapu yangu ni Hilux ya zamani, na kazi yake ni kuleta samaki mjini Malindi kutoka Ngomeni. Njia ile inapita Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, na upepo wa huko unakula waya kuliko bodi. Alfajiri moja nikazungusha ufunguo: taa za dashibodi zikawaka, starta kimya.

Nikamwita fundi wa karibu. Akakichomoa kitasa cha ufunguo, akaunganisha waya, injini ikanguruma. "Haya bwana, nenda nayo polepole mpaka gereji." Barafu ilikuwa inayeyuka juu ya samaki, nikaondoka.

Ndani ya kile kibebeo cha kitasa mna pini ya chuma inayosukumwa na springi. Ufunguo ukiwa umewashwa, pini inarudi nyuma. Kitasa kikishatolewa, hakuna cha kuizuia isiingie kwenye tundu la shafti ya usukani. Kwenye kona ya kwanza nikasikia "ta!", usukani ukakwama, gari likaenda moja kwa moja mpaka mchangani. Alhamdulillahi nilikuwa gia ya pili. Watoto wa madrasa hupita pale pale, na nikiwafikiria hadi leo mikono inanitetemeka.

Kwa hiyo nakuomba ulijue hili kabla hujampa mtu bisibisi. Tunachokiita swichi ni vitu viwili. Mbele kuna kitasa, nyuma yake kuna swichi yenyewe ya umeme, imeshikwa na skrubu ndogo. Ufunguo ukizunguka vizuri na starta haijibu, kitasa hakina kosa. Safisha kwanza vichwa vya betri. Kisha fungua plastiki ya chini ya usukani, mtu azungushe ufunguo (gia iwe huru) huku wewe umeweka testa (taa ya kupimia umeme) kwenye waya unaokwenda starta. Umeme ukiingia kwenye swichi na usitoke, umempata mgonjwa. Toa waya wa hasi wa betri ndipo uifungue.

Yangu nilipoipasua, shaba ilikuwa nyeusi na plastiki imeyeyuka upande mmoja. Niliweka mpya, na nikaongeza rilei, yaani swichi ya pembeni inayobeba umeme mzito badala ya ile ya ufunguo, maana starta iliyochoka huvuta umeme mwingi kupitia vishaba vile vidogo.

Ufunguo ukiwa mgumu kuzunguka, hilo ndilo la kitasa. Usimimine oili, itashika vumbi. Saga risasi ya penseli, uipulize ndani. Na punguza lile shada la funguo, uzito wake hulegeza kitasa kila gari linaporuka shimo.

Ukilazimika kuitenganisha shafti, piga alama ya rangi pande zote mbili, la sivyo usukani utarudi umepinda.

Dukani nenda na swichi ya zamani mkononi. Hesabu meno ya soketi, moja moja, kabla ya kulipa. Mimi nilirudishwa Malindi mara mbili kwa jino moja.