Maswali Yenu: Nyumba Bukoba, Ziwa Mlangoni na Ukoo Uani

SWALI: Shikamoo Ta. Mi ni mwalimu, nastaafu mwakani. Kwetu siyo Bukoba ila nilifundisha huko zamani na nataka nikazeekee huko. Dalali kanionyesha kiwanja karibu kabisa na ziwa, ukikaa barazani kisiwa cha Musira hiki hapa, bei nzuri mno, anasema hati inashughulikiwa. Nitangulize nusu?
Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mama. Usitangulize hata nauli ya dalali. Kiwanja cha ziwani chenye bei nzuri kina sababu yake, na mara nyingi sababu ni mita 60: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa, sasa hiyo hati "inayoshughulikiwa" inaweza kushughulikiwa mpaka wajukuu zako nao wastaafu. Alafu ziwa lenyewe halikai sehemu moja. Mwaka 2020 Victoria lilipanda likavunja rekodi iliyokaa tangu 1964, na 2024 likapanda tena, kwa hiyo ukienda na futi yako usianzie pale maji yalipo Julai, waulize wavuvi yalifika wapi miaka hiyo miwili, watakuonyesha mpaka mti.

Kama ni ziwa tu unataka kuliona, panda juu. Mji wenyewe uko bondeni, vilima viko nyuma yake, na ukiwa pande za Rwamishenye au Kibeta kuna sehemu unaliona ziwa vizuri kuliko yule aliyelikalia. Kule chini, mto Kanoni ukifurika masika, jirani zako wanatoa magodoro nje. Mi sioni raha ya kuamka na mandhari sebuleni.

SWALI: Nimepata kibanja nje kidogo ya mji, migomba, kahawa, na nyumba ya zamani. Anayeuza ni bibi mmoja, kaachiwa na baba yake kwa wosia. Tumekubaliana bei, mara katokea mtoto wa kaka yake anasema ardhi ya ukoo mwanamke hauzi. Nimsikilize?
Baba Alinda, Mwanza

JIBU: Kwenye hilo la mwanamke kachelewa sana, lilishaamuliwa, tena kwa kesi ya hukohuko Uhayani. Holaria Pastory alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, Bernardo Ephrahim ambaye ni mpwa wake akaenda mahakamani akitaka mauzo yafutwe kwa hoja hiyohiyo unayoisikia wewe. Ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kuuza wakati mwanaume anauza ni ubaguzi na inapingana na Katiba. Bibi ana haki ya kuuza, kwisha.

Ila usishangilie bado, maana watu wengi wanaisimulia hiyo kesi nusu. Mpwa alipewa miezi 6 alikomboe shamba kwa kurudisha ile bei, laki 3 za wakati huo, akishindwa ndo liwe la mnunuzi moja kwa moja. Yaani jaji alimweka mwanamke sawa na mwanaume, hakuufuta ukoo. Sasa wewe unaweza kununua leo, ukaezeka, ukachimba choo, alafu ukoo ukaja na bei ya kibanja mkononi. Kwa hiyo huyo kijana msikilize, siyo kwa sababu ana haki ya kumzuia shangazi yake, ila kwa sababu anakusaidia kujua nani wa kuitwa. Kaeni kikao cha ukoo kabla hela haijatoka, wote wasaini kuwa wanajua na hawakomboi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji awepo na wakili agonge muhuri. Na uliza makaburi yako wapi, Muhaya anazikwa kibanjani kwake, na watu watakuja kuyapalilia uwe umenunua au hujanunua, bora muandike kabisa njia ya kupita. Ile "asilimia 10" ya bei wanayodai viongozi wa mtaa msiiweke kwenye bajeti, sheria ya ardhi haiitambui.

SWALI: Niko Muscat, kaka anataka tununue nyumba iliyokwisha kujengwa, Hamugembe hapo Bukoba. Ananitumia video, nyumba inang'aa. Niangalie nini?
Dada wa Muscat

JIBU: Mng'ao ndo wa kuogopa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, na Hamugembe ni kati ya mitaa iliyoumia sana, nyumba zilianguka na nyingine zilibaki na nyufa zikazibwa na plasta na rangi. Mwambie kaka asogeze simu kwenye pembe za madirisha na milango, ufa unaokwenda mshazari ndo wa kutilia shaka. Bora zaidi mlipe fundi asiyemjua muuzaji aangalie msingi na kama kuna mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta. Aende Aprili mvua ikiwa inanyesha, Bukoba inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, dari itajieleza yenyewe.

Upekuzi wa hati ufanyike ofisi ya ardhi, siyo kwa fotokopi ya muuzaji. Mke wa muuzaji asaini kuridhia, maana nyumba ya familia haiuzwi na mmoja. Kodi ya ongezeko la mtaji ni juu ya muuzaji, ila bila TRA kuridhika jina halihamishwi, na jina lihamie kwako dada, siyo kwa kaka "kwa muda".

SWALI: Nikihamia Bukoba, usafiri wa kwenda Mwanza je? Nina wagonjwa wanaotibiwa Mwanza.
Msomaji, Geita

JIBU: Umerahisika. Daraja la Kigongo–Busisi, kwenye barabara ya kuingia Mwanza, lilifunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko imekufa. Ukiwa na mgonjwa asiyeweza kukaa basini muda mrefu, kuna meli ya usiku kati ya Bukoba na Mwanza, chukua chumba. Ndege ipo ila hali ya hewa ikichafuka inageuza, usiitegemee kwa miadi ya hospitali.