Kabla hujafungua daftari kwa mganga

Wadogo zangu mnaoanza kukusanya habari za dawa za asili huku Usukumani, mtafika na barua ya chuo, kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na daftari jipya. Vyote hivyo vinawalinda ninyi. Mzee mnayemfuata Magu au Kwimba havimsaidii kitu.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kila nilichoambiwa na babu mmoja: mti, mzizi upi, unachemshwa na nini. Ripoti ikawekwa mtandaoni. Nikampelekea nakala nikidhani ni zawadi. Akampa mjukuu amsomee, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa mgonjwa atakuja kwangu kufuata nini?"

Wengi wetu tunaamini kuandika ndiko kulinda. Si uongo mtupu. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ya kutumia manjano, haya haya ya kwenye mchuzi, kuponyesha vidonda. Wahindi wakapinga kwa maandishi yao ya zamani, na 1997 hataza ikafutwa, kwa sababu hataza ni ya jambo jipya. Maandishi, basi, yanamzuia mgeni asijidai kagundua. Ila babu hayampi hata senti: siri ikishatoka, naye hawezi tena kuiombea hataza, na mwenye maabara anaisoma bure.

Kwa hiyo muulize kwanza nini kitoke na nini kibaki, na mweleze ripoti itasomwa na nani. Akikubali jina la mti akakataa kipimo, kipimo kisiingie hata daftarini. Madaftari husahauliwa kwenye hiace. Akikwambia dawa ni ya ukoo, ngoja aongee na dada zake, subiri, hata ikiwa wiki mbili.

Halafu acheni kuandika "mganga mmoja wa Kanda ya Ziwa". Mei 2024 huko Geneva, nchi wanachama wa WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza iliyojengwa juu ya maarifa asilia ataje jamii iliyoyatoa. Atataja nini kama sisi wenyewe tulifuta? Andika kijiji, tarehe na, akiridhia, jina lake.

Babu yule alinipokea tena baadaye. Mti alinionyesha. Mzizi alichimba mwenyewe, amenipa mgongo.