Kauri ya jiko imepasuka, nifanyeje?

SWALI: Nina jiko la mkaa lenye kauri (udongo uliochomwa) ndani. Miezi mitatu tu limeingia ufa. Nimepunjwa? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Tunashuku maji. Ukimwagia kauri ikiwa moto, inasinyaa ghafla na kupasuka. Zima mkaa kwa kuufukia na majivu. Ufa mwembamba kama uzi hauna neno, endelea kupika. Kipande kikicheza, fundi abandike kauri mpya kwa saruji. Bati la nje likiwa zima halitupwi. Kisha washa moto mdogo kwanza.

Jiko hili lilienea Kenya miaka ya 1980 kwa msaada wa wafadhili, USAID (shirika la misaada la Marekani wakati huo) wakiwamo. Likiwa zima hupunguza mkaa kwa 30 hadi 50% kuliko jiko la bati tupu. Likivuja joto, ni sawa na hilo la bati tu (tena ghali).