Kazi ya kutwa na mbio za mapipa

Dada, umeuliza utamwandaaje farasi wako kwa mbio za mapipa huko Texas, zile za kuzunguka mapipa matatu kwa farasi kwa muda mfupi iwezekanavyo, ilhali unatoka kazini jua limeshazama. Usimkimbize shoti kuzunguka yale mapipa matatu kila jioni; atachoka akili kabla ya miguu. Nusu saa inatosha: atembee, aende telki kidogo, yaani mwendo wa kati usio shoti, duara pana kulia na kushoto, mpaka alegeze shingo bila kuvutwa hatamu. Ukimaliza, pitisha kiganja miguuni, chini ya goti. Ukihisi mguu mmoja una joto kuliko mwenzake, mpumzishe, hata kama ada ya mashindano ya Jumamosi umeshalipa. Tena tafuta mashindano yenye madaraja kwa kadiri ya muda: anayepitwa na mshindi kwa nusu sekunde au sekunde nzima naye ana zawadi za daraja lake, hulazimiki kuwafikia wanaokaa farasini kutwa.