Uliza inalipia nini, bei baadaye

Mhariri, mmeuliza: mtu asiye na mwajiri achagueje bima ya meno anayoimudu? Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma, najilipia kila kitu mwenyewe. Ukitafuta bima ya meno peke yake utazunguka mji mzima na jua hili bure. Kwetu meno huuzwa ndani ya bima ya afya, na kwa kampuni binafsi mara nyingi ni kipengele unachoongezea juu ya matibabu ya mgonjwa asiyelazwa. Hicho kipengele ndicho unachokichagua.

Mwambie wakala akufungulie ukurasa wa meno. Mara nyingi hakuna ukurasa, kuna mstari mmoja tu wenye neno "meno" na kikomo cha mwaka, yaani kiasi cha juu watakacholipa kwa mwaka. Usinyanyuke hapo. Uliza kama kung'oa kumo, kuziba kumo, picha ya eksirei imo, matibabu ya mzizi (kutibu ndani ya jino bila kuling'oa) yamo, kukwangua ugaga kumo. Jirani yangu mama lishe alikuwa na kadi inayolipia kung'oa, lakini si mzizi. Daktari alimwambia gego linaokoleka. Kuliokoa kulihitaji pesa mkononi na kurudi kliniki zaidi ya mara moja. Kuling'oa kulikuwa bure. Aling'oa, nani angemlaumu? Leo anatafunia upande mmoja, na akitaka jino bandia, hilo nalo halimo. Kwangu mimi kadi ya namna hiyo si rahisi hata kama bei yake ni ndogo.

Halafu piga hesabu. Tuseme kipengele cha meno kinaongeza shilingi 90,000 kwa mwaka, kikomo ni 150,000, na unasubiri miezi sita kabla ya kuanza kukitumia. Mwaka wa kwanza umenunua nusu mwaka, na faida kubwa kabisa unayoweza kuipata ni 60,000. Kama jino limeshatoboka, uliza pia wanasemaje kuhusu tatizo lililokuwepo kabla hujajiunga, wengine hawaligusi. Mwenye kinywa kizima, nadhani heri aiweke ile 90,000 kwenye simu, akasafishwe meno na kukaguliwa, chenji ibaki kwake. Mwenye magego mabovu na watoto wanaopenda pipi, hesabu yake ni nyingine.

Kwa wenye kipato kidogo tulizoea CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Ila Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha mambo, kwa hiyo ulizia viwango vya sasa kabla hujatoa hela. Kwa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, vilevile: vifurushi vya mtu binafsi vimebadilika tangu vile vya Najali, Wekeza na Timiza vya 2019, usitegemee karatasi ya zamani ya shemeji yako.

Neno kwa ndugu zangu wa Singida na sisi tuliokulia maji ya visima. Yale madoa ya kahawia kwenye meno hutokana na floridi iliyozidi majini wakati meno yanakua. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuyaondoa madoa hayo, bima nyingi huhesabu ni urembo. Usinunue kifurushi kwa ajili hiyo kabla hujaonyeshwa kwa maandishi kwamba kimo.

Mwisho, usimwulize wakala kama kliniki fulani inapokea kadi yake. Nenda mapokezi ya kliniki yenyewe, uliza kama wanaipokea kwa meno, maana kuna wanaoipokea kwa malaria tu. Na wakala awe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ambao makao yao makuu yako hapahapa Dodoma. Dai likikataliwa bila sababu ya kueleweka, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mpelekee ile karatasi ya kukataliwa pamoja na mkataba wako.

Fundi cherehani, Majengo, Dodoma