Baba anasema hii sio kantri ni kelele: maswali yenu ya muziki mwezi huu

Mwezi uliopita niliandika aya mbili tu juu ya Guitar Town, albamu ya kwanza ya Steve Earle, mwimbaji wa Marekani, iliyotoka 1986, nikasema ni kantri yenye ngoma za roki, nikaendelea na mambo mengine. Aisee sikujua nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja kutoka Moshi, Arusha, mpaka Marangu, na nyingi zinataka ufafanuzi. Nimechagua chache, wengine mnisamehe nafasi ni ndogo.

Shikamoo. Mimi ni dada wa Soweto, Moshi. Kwetu Jumapili baada ya ibada lazima apigwe Jim Reeves na Don Williams, baba ana kaseti zake mpaka leo na ile redio anaifuta vumbi mwenyewe hataki mtu aguse. Juzi kaka kaja na hiyo Guitar Town kwenye flashi, nyimbo mbili tu baba akasema zima hiyo, hiyo sio kantri ni kelele za wahuni. Kaka kakomaa kwamba ni kantri. Mpaka leo wanasalimiana kwa shida. Nani yuko sahihi?

Marahaba mwanangu. Kwanza mpe mzee shikamoo zangu, mtu anayetunza kaseti namna hiyo sio wa kubishana naye hivi hivi, unaenda na ushahidi mkononi.

Sasa ushahidi wenyewe ndio huu. Huyo Jim Reeves anayempenda, miaka ya mwisho ya 50 ndio alikuwa mmoja wa waliobadilisha kantri mpaka wazee wa enzi hizo wakalalamika. Nashville walikuwa wanataka kuuza kwa watu wa mjini, basi wakatoa fidla na gitaa la chuma, wakaweka vayolini nyingi laini na waitikiaji wanaoguna nyuma kama kwaya, na Reeves akawa anaimba mdomo umegusa kabisa maiki kama anakunong'oneza. Wapo waliosema huo sio muziki wetu, huo ni muziki wa hotelini. Leo hii sauti ile ile ndio imekuwa kantri ya asili Jumapili pale Soweto! Kwa hiyo muulize mzee, kwa upole, ukishampelekea chai: baba, nani aliwaambia wale wa zamani kwamba Jim Reeves ni kantri?

Alafu kuna kitu kaka yako nae hajakisema sababu labda hakijui. Kwenye Guitar Town lile gitaa la chuma lipo, lile linalolazwa mbele ya mpigaji, anaburuta chuma juu ya nyuzi huku miguu inakanyaga pedali, linalia kama mtu aliyefiwa. Linalia nyimbo kibao mule. Yani ukienda kwa vifaa tu, huyu mhuni wa roki ana zana za zamani ambazo ile kantri laini ya mzee ilizitupa nje.

Ila mzee nae masikio yake hayajamdanganya. Ngoma za mule ni za roki, zinapigwa kwa nguvu na zimenyooka, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Earle alizaliwa 1955, akakulia Texas karibu na San Antonio, akaingia Nashville na miaka 19 akawa mwanafunzi wa Guy Clark na Townes Van Zandt, watunzi ambao hata wenyewe hawakuwa matajiri. Zaidi ya miaka 10 akawa anaandikia nyimbo watu wengine, albamu yake mwenyewe hana. Siku moja akaenda kumwona mwanaroki Bruce Springsteen jukwaani kwenye ziara ya Born in the U.S.A., akaona jamaa anafungua shoo na wimbo uliobeba jina la albamu, akarudi akaandika wimbo wa kufungulia albamu yake na shoo zake. Huo ndio Guitar Town. Alipokuja kuitoa albamu ana miaka 31.

Sasa hiyo roki ya Springsteen na wenzie, Marekani wanaiita kwa jina la ile nchi ya katikati, hatilandi, kule kwenye mashamba na viwanda. Mimi naiita roki ya bara, maana sisi tunajua tofauti ya mtu wa bara na mtu wa pwani. Japo hapo pana kichekesho, Springsteen mwenyewe ni wa New Jersey, pwani kabisa, na Tom Petty ni wa Florida! Wa bara kweli ni John Mellencamp wa Indiana na Bob Seger wa kule Detroit. Lakini jina limeshika kwa sababu ya wanachoimba: kiwanda kimefungwa, shamba limechukuliwa na benki, kijana ana gari bovu na demu na hana pa kwenda. Ukiangalia vizuri hayo ni mambo ya kantri yale yale, ni ngoma tu zimeongezwa nguvu. Ndio maana tarehe 22 Septemba 1985 pale Champaign, Illinois, walipofanya ile tamasha ya Farm Aid kuchangia wakulima waliozidiwa na madeni, Willie Nelson wa kantri na Mellencamp wa roki walikuwa waandaaji pamoja na Neil Young, na hakuna aliyeuliza huyu kaja kufanya nini. Miezi michache baadae ndio Guitar Town ikatoka, mwaka huo huo wa 1986 wakatoka na Dwight Yoakam na Randy Travis, wote wanarudi kwenye kantri kavu. Na hao hao wasikilizaji wa kantri Marekani waliipandisha hii albamu mpaka namba 1 kwenye chati yao ya albamu za kantri. Hawakuiita kelele.

Ukinibana kabisa nitoe hukumu, ni kantri. Kinachofanya wimbo uwe kantri kwangu mimi ni habari inayosimuliwa na lugha ya mtu wa kawaida, ngoma ni nguo tu. Lakini kaka yako amekosea sehemu moja, kuanza na nyimbo za mbio. Angemwekea mzee kwanza My Old Friend the Blues, taratibu, gitaa na huzuni, mzee angeuliza mwenyewe huyu nani. Mwambie ajaribu tena Jumapili ijayo na asiguse ile redio bila ruhusa.

Oya mkuu, mi ni chalii wa Ngarenaro, napiga solo kwenye bendi ya kanisa na mtaani pia. Lile gitaa zito la chini linaloanza kwenye Guitar Town nimelitafuta wiki nzima silipati, gitaa langu likishushwa linakuwa kama kamba ya nguo. Wanafanyaje?

Umeniua na kamba ya nguo. Chalii yangu hulipati kwa sababu kile sio gitaa la kawaida, kwenye albamu ile mpiga gitaa Richard Bennett alitumia besi ya nyuzi 6, inatyuniwa sawa na gitaa lako ila oktavu moja chini. Mtindo wenyewe ni wa zamani, wa mpiga gitaa Duane Eddy wa mwaka 1958 huko, kupiga melodi kwenye nyuzi nene badala ya nyembamba. Sisi huku tumezoeshwa kinyume, solo yetu tangu enzi za Mbaraka Mwinshehe inapanda juu kabisa shingoni inachezacheza kule kwenye nyuzi nyembamba, ndio maana mkono wako unakwenda juu wenyewe. Inabidi uulazimishe ushuke.

Bila hiyo besi fanya hivi: nunua seti ya nyuzi nene, zile zinazoanzia 13, tyuni chini mpaka C usiende zaidi, chagua pikapu, kile kinasa sauti cha gitaa, ya karibu na daraja, piga hapo hapo karibu na daraja kwa piki, na kiganja kiguse nyuzi kidogo tu zisiimbe sana. Weka mwangwi na mtetemo kidogo kwenye ampu. Na fundi akuangalizie shingo kwanza maana nyuzi nene zinavuta, usije ukanilaumu. Noti chache. Hilo ndio gumu kuliko yote kwa mpiga solo wa Ngarenaro.

Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, Marangu. Kuna wimbo humo unaitwa Hillbilly Highway. Je hilo neno la kwanza sio tusi? Na hiyo barabara ipo kweli?

Shikamoo mwalimu. Ni neno la kejeli ndiyo, wamarekani wa mjini waliwaita hivyo watu wa milima ya Appalachia, kule Kentucky, West Virginia, Tennessee, maana yake mshamba wa milimani. Wenyewe wengine wamelichukua wanalivaa kwa fahari, lakini ukitamkiwa na mgeni linauma bado. Sidhani kama mtu wa Marangu anahitaji kuelezwa hili zaidi, tumeshaitwa mengi tulipofika mjini na viatu vyenye udongo mwekundu.

Na barabara sio moja, ni jina la safari. Karne iliyopita mamilioni ya watu waliteremka ile milima, migodi ya makaa ya mawe imepunguza watu, mashamba ni vipande, wakaenda kutafuta kazi za viwandani Detroit, Akron, Cincinnati, na wikiendi barabara zinajaa magari yanarudi nyumbani kusalimia wazee. Wimbo unafuata vizazi vitatu. Babu anaacha mgodi anaondoka na gari lake bovu, bibi analia. Babu anadunduliza hela ili mwanae asome atumie kichwa asitumie mgongo, kweli anasoma, anapata kazi Houston. Alafu anakuja mjukuu, anaacha shule, anachukua gitaa anaingia barabarani, na hapo babu anageuka kaburini!

Mwalimu mimi wimbo huu nikiusikia naona kihamba, lile shamba la ukoo. Baba ana migomba na mibuni, akigawia watoto 5 kila mmoja anabaki na migomba ya kuhesabu. Mwaka 1989 ule mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, wengine waking'oa mibuni kabisa. Vijana wakateremka, mmoja Dar kwenye duka, mmoja Mererani kuwa mwanaapolo anatafuta tanzanite chini ya ardhi. Na Desemba barabara ya kutoka Dar inajaa magari mpaka unajiuliza Kilimanjaro kuna nini. Yule mjukuu wa gitaa nae tunae, kila ukoo una mmoja, kwetu alikuwa mjomba wangu na akodiani lake, babu hakumsamehe mpaka alipoona amejenga.

Napiga ruti ya Moshi Arusha na Kosta. Wimbo wa Someday naupenda sana ila kizungu chake kinanipita. Anasema nini?

Kaka, ni kijana anauza mafuta kwenye sheli kando ya barabara kuu. Anaona magari yanapita yanaenda mbali, yeye yupo tu. Kaka yake alienda chuo kwa sababu alikuwa anajua mpira, yeye ana kimo kidogo hawakumtaka. Ana gari lake la zamani jeusi, Chevy ya 67, na anasema ipo siku ataondoka asirudi. Basi. Ukisimama kujaza mafuta Boma Ng'ombe mwangalie yule dogo anayekufutia kioo, ndio yeye.

Na punguza mwendo pale Kikavu, abiria wako mmoja kaniandikia pia ila nimekuhifadhi.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Njiro. Mume wangu anaendesha semi, Tunduma mpaka Kongo, wiki tatu hayupo. Alipoondoka aliniachia wimbo kwenye simu, Little Rock 'n' Roller, akasema huu ni wa mwanetu. Unasikika kama baba anaongea na mtoto. Ni kweli uliimbwa kwa ajili ya mtoto?

Kweli dada. Ni baba yuko safarini na muziki wake, anaongea na mwanae mdogo aliyemwacha nyumbani, na mtoto wa kweli alikuwepo, Justin, amezaliwa Januari 1982, kwa hiyo albamu inatoka alikuwa na miaka 4. Jina lake la katikati ni Townes, la yule mwalimu wa baba yake.

Nikuambie yaliyofuata maana umeuliza kwa moyo. Baba aliendelea kuwa mbali, na baadae madawa ya kulevya yakamshika mpaka 1994 akawekwa jela, alipotoka ndio akaacha. Justin akakua, nae akawa mtunzi wa nyimbo, mzuri kweli, na nyimbo zake nyingine zinamsema baba waziwazi. Agosti 2020 akafariki Nashville akiwa na miaka 38. Tarehe 4 Januari 2021, siku ambayo angetimiza 39, Steve Earle akatoa albamu inaitwa J.T., nyimbo 10 za mwanae anaziimba yeye baba mtu, na wa 11 kautunga mwenyewe, wa mwisho, wa kumuaga.

Ndio maana mimi ule wimbo wa 1986 siusikilizi tena nikiwa naendesha. Lakini wewe wako bado mdogo na baba yake anapiga simu. Mwambie akifika Tunduma apige kabla mtoto hajalala, wewe utaongea nae baadae.