Vichochoro Vinavyomjibu Mpita Njia

SWALI: Ndugu Mhariri, binamu yangu anayeishi Sydney amenitumia picha ya kichochoro ambacho juu yake yametundikwa matundu mengi ya ndege, yote matupu. Anasema hiyo ni sanaa, na kwamba katika miji mingine zipo kazi ambazo mpita njia mwenyewe hushiriki kuzitengeneza. Naomba ufafanuzi. Na kama zina kamera, je, watu hawarekodiwi bila ridhaa yao?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kichochoro hicho ni Angel Place, na kazi uliyoiona inaitwa Forgotten Songs, ya msanii Michael Thomas Hill, iliyowekwa kwa muda mwaka 2009 na baadaye ikafanywa ya kudumu. Matundu yameachwa matupu kwa makusudi. Zinazosikika ni sauti zilizorekodiwa za aina 50 za ndege waliokuwa wakiimba katikati ya Sydney kabla makazi ya Waingereza hayajaenea na kuwafukuza. Wa mchana hulia mchana, na giza likiingia huwapisha wa usiku. Ni kazi nzuri mno, lakini sidhani kama inastahili kuitwa shirikishi, kwa kuwa ndege wale wangeimba hata kama hapiti mtu.

Mfano ulio karibu zaidi na swali lako ni Shadowing, kazi ya Jonathan Chomko na Matthew Rosier iliyoshinda Playable City, tuzo ya kazi za sanaa zinazowachezesha watu mijini, na kuwekwa kwa muda Bristol, Uingereza, mwaka 2014. Taa 8 za barabarani zilifungwa kamera ya miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, pamoja na projekta. Mtu akipita chini ya taa, mwendo wa umbo lake hurekodiwa. Anayefuata akifika hapo, hukuta kivuli cha aliyemtangulia kikitembea ardhini kando ya chake. Akishang'amua mchezo huo, mara nyingi hurudi, akaruka au kupunga mikono, ili naye amwachie kitu mtu asiyemjua. Hakuna kibao cha maelekezo, na hapo ndipo ulipo ustadi wa kazi hii.

Wembamba wa njia husaidia sana kazi za namna hii, kwani kila apitaye hulazimika kupita palepale panapomulikwa, ilhali kwenye barabara pana mwanga wa magari ungekifuta kivuli kabla hakijaonekana.

Kuhusu kamera, wasiwasi wako una msingi, na suala la kufuatiliwa na mitambo mijini ni miongoni mwa mambo ambayo wasanii hao walikusudia watu wayatafakari. Kinachorushwa chini ni umbo jeusi lisilo na sura wala jina. Hata hivyo, kwa maoni yangu, halmashauri yoyote inayoruhusu kazi ya aina hii ingepaswa kubandika tangazo mahali hapo, likieleza kinachorekodiwa, kinakohifadhiwa na siku kitakapofutwa.